Uzi wa Nyumbani

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi Jino, naye hakuwahi kununa, kwa sababu jina lilikuwa lake halali. Ukimpelekea ushanga, kabla hajakuuliza umeutoa wapi, aliutia mdomoni akaugonga kwenye jino la mbele, tik, macho kayafumba kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Kioo ni cha baridi na mlio wake ni mkavu. Plastiki ni vuguvugu na haina la kusema. Kwa jino hilo aliwaumbua wachuuzi wengi waliokuja na makopo yao wakiapa kwa mbingu na ardhi kwamba mali ni kioo kitupu. "Kioo gani hiki, baba? Hii ni ndoo iliyokatwakatwa," aliwaambia, na mtu akafunga makopo yake akaondoka bila kuaga.

Alikuwa na vyumba viwili nyuma ya kibanda cha mshona nguo. Cha ndani kilikuwa na kitanda na kabati. Cha nje kilikuwa na meza chini ya dirisha, na kwenye meza hiyo ndiko alikoishi hasa. Shanga za kioo alizipanga kwenye chupa za dawa zilizooshwa, za mfupa kwenye mkebe, za mbegu kwenye kifuko cha kitambaa ili zipate hewa zisiote ukungu. Waya wa shaba ulijiviringisha kwenye msumari wake ukutani, na vishikizo vya kufungia shingoni vilikaa ndani ya visanduku vya kiberiti, kulabu huku na pete kule. Shanga za kutungwa alizimwaga kwenye sinia la bati alilolitandika kipande cha blanketi, maana ushanga ukipata mahali laini hautulii mpaka uingie uvunguni. Mkasi wake haukugusa karatasi. Aliyekata karatasi kwa mkasi ule alijua mwenyewe atakavyojieleza.

Lakini alichokiheshimu na kukiogopa ni uzi. Mnunuzi hutazama rangi. Fundi Jino, ukimpa kidani cha fundi mwingine ili akisifu, alikigeuza kwanza akatazama fundo. Nailoni, alisema, ni mnafiki: ikipigwa na jua hufa kwa ndani, huku nje inang'aa vilevile. Kwa hiyo uzi wa wateja ulilala gizani, ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya kabati. Kila kipande alikizungusha kwenye vidole vya mikono miwili, akakisogeza karibu na sikio, akakivuta mara tatu. Uzi mzima ulivuma kidogo. Usiovuma aliutupa. Uliovuma aliupitisha kwenye donge la nta ya nyuki, akatunga, akafunga fundo juu ya fundo, akaweka tone la gundi, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika kazi hiyo mpaka kesho yake. Kwa miaka thelathini na kitu hakuna kidani chake kilichomkatikia mteja shingoni, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kazi alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyesahihisha makosa kwa kukugonga vidole kwa koleo. Mume wa Fundi Jino naye alikuwa na miguu myepesi; siku moja ikampeleka mbali kuliko kawaida, asirudi. Akabaki na binti mmoja na sinia moja la shanga, akamlea binti kwa sinia hilo. Hilo tumpe haki yake. Alilifanya peke yake, na bila kuwalilia watu.

Sasa, pale dirishani palikuwa na msumari mwingine. Juu yake alitundika mabaki: ncha za vibunda, vipande vifupi, uzi wa zamani uliobaki baada ya kununua mpya. Aliuita uzi wa nyumbani. Ulifungia mifuko ya unga, ulitundikia pazia, na ulitungia shanga za binti yake. Mtoto yule alikua akivaa punje kumi za bluu na moja ya kijani kwa sababu bluu ziliisha. Usimshangae mama. Mshona nguo wa mbele alivaa gauni lililofumuka kwapani mwaka mzima, na fundi bomba wa kona bomba la uani kwake lilivuja hadi pakaota majani. Kizuri kilikuwa cha mteja, na cha nyumbani kilikuwa kile kilichobaki. Hakuona kwamba ni dharau. Aliona ni akili.

Shanga hizo za nyumbani zilikatika, tena sana. Binti alipokuwa na miaka tisa aliingia siku moja na kidani chake mkononi, punje zikimdondoka, akamkuta mama na mteja. Mteja alipoondoka, mama alimfinya sikio. "Unataka watu waone kazi yangu inakatika?" Tangu siku hiyo, kikikatika, binti aliokota punje mwenyewe akafunga fundo lake mwenyewe, nene kama dengu, akalificha kisogoni. Mama aliliona fundo hilo mara moja au mbili, akacheka, akasema mtoto huyu ana mikono ya mbeba mizigo.

Binti akawa mtu mzima, akaolewa na fundi umeme, mwanamume mpole wa maneno machache, aliyejaribu kila swichi mara mbili hata ile aliyoifunga kwa mkono wake. Walipanga ghorofani, mwendo wa dakika kumi kutoka kwa mama. Walimsubiri mtoto miaka minne. Alipokuja alikuwa wa kike, na alipotimiza mwaka alianza kuongea kutwa nzima kwa lugha aliyoijua yeye peke yake, akiuliza maswali na kujijibu, wakamwita Chiriku. Fundi Jino alikuwa hajiwezi kwa mtoto yule. Mwanamke ambaye hakuna aliyethubutu kumgusia sinia lake alimwacha Chiriku atumbukize mikono yote miwili, kisha akatambaa kwa magoti kuzikusanya shanga uvunguni, anacheka peke yake.

Jumapili moja walikuja wote watatu. Baba mtu alikuwa juu ya ngazi uani, anaitengeneza taa iliyokuwa ikiwaka na kuzimika. Binti alikuwa anaosha vyombo. Chiriku alikuwa amekaa kwenye mapaja ya bibi yake mbele ya meza. Mtoto alinyanyua kishikizo kimoja, akakiweka juu ya kifundo cha mkono wake, akasema neno refu. Bibi akaelewa kwamba anadai bangili, na nani angemnyima? Alimchagulia kioo cha manjano, punje tisa, na katikati ushanga mmoja wa mfupa uliobaki kwenye kazi ya mteja, mviringo, mkubwa kama harage, umesuguliwa mpaka unateleza. Mkebe wa biskuti ulikuwa chumba cha ndani, juu ya kabati. Ili aufikie ilibidi amtue mtoto, na mtoto akituliwa angelia. Msumari wa mabaki ulikuwa karibu na mkono. Akachukua uzi wa nyumbani.

Hakuuvuta hata mara moja. Angeuvutaje, na mikono ndiyo hiyo iliyomkumbatia mtoto? Gundi hakuweka, maana Chiriku asingengoja kesho. Alifunga fundo, akalisukuma ndani ya tundu la ule ushanga wa mfupa lisionekane, akambusu mtoto kiganjani.

Binti alisimama mlangoni akijifuta mikono. "Mama, hiyo itadumu kweli? Huyu anavuta kila kitu."

"Kazi yangu imekatika lini?" alijibu Fundi Jino, na binti akarudi kwenye vyombo vyake.

Alhamisi iliyofuata Chiriku alikufa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Binti alikuwa kwenye roshani anaanika nguo, mtoto nyuma yake mkekani anapiga soga na kijiko. Mara soga ikakoma. Binti alidhani amesinzia, akafurahi hata, akaanika mashati mawili ya mumewe na kuyanyoosha kola. Alipogeuka, shanga za manjano zilikuwa zimetapakaa mkekani, na uso wa mtoto umebadilika rangi. Majirani walimbeba mbio mpaka zahanati. Ule ushanga wa mfupa ulitolewa kooni mzima, bila hata mkwaruzo, lakini walikuwa wameshachelewa. Daktari aliufunga kwenye kipande cha pamba akampa baba mtu, pengine kwa kukosa cha kufanya na mikono yake.

Watu walisema mtoto ameing'ata bangili. Watoto wana meno kama panya, walisema, ukigeuka tu wameshatafuna. Hakuna aliyeutazama uzi, isipokuwa mmoja. Siku ya mazishi, nyumba imejaa watu hadi kwenye ngazi, Fundi Jino aliinama kama anayekunja mkeka, akaokota kipande kilichonasa kwenye ukindu. Kilikuwa na umanjano wa uzi uliochomwa na jua. Akakificha kifuani. Aliporudi kwake, kabla hata hajavua viatu, alishusha uliobaki msumarini, akauzungusha vidoleni, akauvuta. Ulikatika bila sauti yoyote.

Na hakusema. Tusimpambe: aliogopa. Aliogopa jinsi binti yake atakavyomtazama kuliko alivyoogopa kufa. Alijiambia atasema watu wakishatawanyika, na watu wakatawanyika. Akajiambia atasema binti akianza kula, na binti akaanza kula, kidogo. Kila siku aliyoiacha ipite iliifanya ya kesho kuwa nzito zaidi, na yeye alilijua hilo vizuri, akaiacha ipite vilevile.

Fundi umeme, kwa upande wake, alikuwa na swali moja. Alimwuliza mkewe kwa sauti ya chini, asubuhi kabla ya kutoka na jioni akirudi. "Ulikuwa wapi?" Naye akajibu kwamba alikuwa anaanika. "Hukusikia kitu?" Naye akajibu kwamba alisikia kimya. Kisha binti alitembea zile dakika kumi hadi kwa mama yake, amekonda mpaka pete inamzunguka kidoleni, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mashati mawili, mama," alisema. "Ningeyaacha tu yale mashati."

Fundi Jino alifungua kinywa, akakifunga. "Kunywa chai, mwanangu, inapoa," akasema. Aibu ya maneno hayo aliihisi palepale, akamwongezea sukari.

Kazi nayo ilimshinda. Mchuuzi mmoja alimletea chupa ya shanga nyekundu, akazisifu kama kawaida yao. Fundi Jino aliweka ushanga mmoja ulimini ili augonge, akauhisi unateleza kurudi nyuma, akakimbilia uani akatapika. Mchuuzi alidhani mali yake imetukanwa, akaenda akitangaza mtaani kwamba mwanamke yule siku hizi ana majivuno. Chupa zilikaa zilivyo, vumbi likazifunika mabegani.

Wiki ya sita mshona nguo wa mbele aliingia, na gauni lake lile lile. "Dada, mimi sipendi umbea," alianza, na mtu akianza hivyo jua ameuleta kikapu kizima. "Mkweo siku hizi halali nyumbani. Anashinda na kulala karakana. Na wifi mtu ameuona mkoba mkubwa umefungwa, umejaa pomoni, uko nyuma ya mlango wa chumba chao. Binti yako anarudishwa kwako, dada. Jiandae."

Hapo ndipo uoga wa Fundi Jino ulipopata mshindani. Kumpoteza binti kwa ukweli ilikuwa jambo moja. Kumwacha afukuzwe kwa kosa ambalo si lake, akiwa ameshamzika mtoto, hilo hakuliweza hata yeye. Jumamosi asubuhi alioga, akavaa gauni safi, akautia uzi wa nyumbani mfukoni, akaenda akapanda zile ngazi bila kupumzika katikati.

Aliwakuta wote wawili mezani, vikombe mbele yao. Mkwe akasimama.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Kaa, baba. Na chai msinipe, nikinywa sitasema." Alibaki wima. Akatoa uzi akauweka katikati ya vikombe. "Bangili ile mtoto hakuing'ata. Ilikatika. Niliitunga kwa uzi huu. Umekaa juani miaka miwili, na mimi ndiye niliyeutundika, kwa hiyo sina la kusingizia. Uzi mzuri ulikuwa chumba cha pili, nikaona tabu kumtua mtoto. Wewe kila siku unamwuliza huyu alikuwa wapi. Niulize mimi."

Mkwe alinyoosha mkono. Aliuzungusha uzi vidoleni kama alivyomwona mama mkwe akifanya miaka yote, akauvuta. Ukakatika. Akachukua kipande kingine akakivuta tena, maana ndivyo alivyoumbwa. Nacho kikakatika. Akaviweka vipande mezani, kimoja kando ya kingine.

"Kwa hiyo si yeye," alisema.

"Si yeye, baba. Ni mimi."

Fundi Jino alihisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita. Alikuwa tayari kwa lolote, matusi, mlango, hata kofi. Aliona mkono wa mkwe unasogea polepole juu ya meza kuufuata mkono wa mkewe. Lakini binti aliurudisha wake, akaupakata.

"Mama, usijibebeshe peke yako," alisema. "Ilikatika Jumanne."

Mkwe aliviacha vipande vya uzi, akamgeukia mkewe.

"Jumanne asubuhi, namvalisha. Ilikatika mkononi mwangu. Nikaokota punje zote, nikatunga upya kwa uzi uleule, nikafunga fundo langu."

"Uzi uleule?" Sauti ya Fundi Jino ilitoka nyembamba. "Kwa nini hukuniletea?"

"Nikuletee nikuambie nini? Kazi yako imekatika lini, mama?"

Hakulisema kwa ukali wala kwa kejeli. Alilisema kama lilivyo, jambo la nyumbani kwao ambalo kila mmoja alilijua. Fundi Jino akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Jumanne jioni nilimbeba mimi," alisema mkwe, anamtazama mkewe. "Alinionyesha ile bangili. Akaniimbia juu yake. Wewe ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo."

"Na ulijua imeshakatika."

"Nilijua. Nilidhani fundo litashika. Mafundo yangu yalikuwa yanashika." Binti alifuta uso kwa kiganja. "Siwezi kukaa hapa nimsikilize mama anabeba yote, na mimi najua. Siwezi."

Fundi umeme aliinuka. Hakupaza sauti, hakupiga meza. Aliingia chumbani akarudishia mlango. Walisikia zipu, kisha mlango wa kabati, kisha mlio wa vitu vikitolewa na kuwekwa, na mlio huo uliendelea kitambo. Mama alijisemea moyoni: ndiyo hayo, anamfungashia. Binti hakusogea. Alikuwa anasikiliza kila kishindo, na kila kishindo uso wake ulizidi kupauka.

Mwanamume alitoka na mkoba mkubwa, akauweka kando ya mlango wa kutokea.

"Nendeni," alisema. "Tafadhali, mama. Nendeni wote wawili kabla sijasema kitu." Akapita akaenda kusimama kwenye roshani, mgongo akiwapa wao, mikono imeshika kamba ya nguo iliyokuwa tupu.

Fundi Jino aliubeba mkoba. Lilikuwa jambo dogo analoweza kumfanyia mtoto wake, akashuka nao ngazi zote akikataa kupokewa. Mtaani ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Mtu alikuwa anaosha gari, wanawake wawili walikuwa wanabishana juu ya kivuli cha ukuta, redio inaimba ndani ya duka. Walipofika kona alisimama ili auhamishie mkono wa pili, akagundua kwamba mkono wa kwanza haujachoka.

"Mbona mwepesi?" alisema. Alikuwa anatafuta la kumwambia mwanawe, na hilo ndilo lililotoka. "Niliambiwa umejaa pomoni. Niliambiwa anakurudisha kwangu. Ndiyo maana nilikuja, mwanangu. Nilisema nikuokoe."

Binti alisimama barabarani, amejikumbatia viwiko.

"Ulikuwa umejaa," alisema. "Alipata kazi mji mwingine. Alikuwa analala karakana ili amalize kazi za watu, tuondoke wote Jumatatu. Wiki mbili nzima alikuwa hajaniuliza tena lile swali. Mkoba ulikuwa na nguo zangu na zake, mama. Amezitoa zake."